Gari Lisilotaka Adabu

Juni 5

Nimenunua gari. Naiandika sentensi hii polepole kwa sababu bado sijaizoea. Mimi, Kanae Orimoto, mpishi wa shule, mtu wa miaka hamsini na nne, ambaye hadi juzi nilikuwa naendesha kigari cheupe chenye mlio wa cherehani, sasa nina gari la michezo la viti viwili, kuukuu, buluu iliyokolea, lenye taa zinazofumbuka juu ya boneti kama macho ya chura. Ndani yake imo injini ya mzunguko, ile ya kiwanda cha Hiroshima, iliyowafanya watu wa huko watembee kifua mbele.

Mama alilitazama kupitia dirisha la jikoni huku anang'oa vikonyo vya plamu.

"La nani hilo?"

"Langu."

"Mtu mzima hovyo," akasema, akaendelea na plamu zake.

Nilipokuwa na miaka tisa nilisimama kwenye kona ya mlima wetu, begi la shule mgongoni, gari la namna hii likanipita. Halikunguruma. Liliimba sauti moja ndefu iliyopanda na kuzidi kupanda. Nikangoja ikatike, haikukatika, gari likapotea nayo kule juu. Tangu siku ile nalitaka. Sina sababu nyingine, na nimechoka kuitafuta.

Juni 6

Kwetu huwezi kuandikisha gari bila kuwaonyesha polisi kuwa una mahali pa kuliegesha. Na mlima huu nyumba zimebebana, nafasi ya gari ni kitu cha kurithi. Mimi nimepanga kiwanja kidogo cha Mzee Kuwata, chini kabisa ya dirisha anapolala mkewe, Bi Fumie, ambaye moyo umemlaza tangu vuli iliyopita. Kigari cheupe kilikaa pale miaka mingi bila neno. Gari jipya linataka muhuri mpya wa Mzee.

Alishika karatasi, akalitazama gari kwa muda mrefu.

"Lina kelele?"

"Kidogo, Mzee."

"Mke wangu amelala hapo juu."

"Najua, Mzee. Nitajitahidi sana."

"Nitapiga muhuri," akasema. "Lakini tuangalie mpaka mvua za plamu ziishe. Likimsumbua, utatafuta pengine."

Pengine hakuna. Nimeuliza mlima mzima, mpaka chini stesheni. Mzee akikataa, gari linauzwa, na mimi narudi kwenye cherehani hadi nife.

Jioni nikazunguka kwa majirani na maboksi ya keki za maharage, nikiomba radhi kwa kelele ambayo bado sijaipiga. Ndivyo tulivyolelewa. Hapa kwetu mtu anaogopa kumsumbua jirani kuliko anavyoogopa tetemeko la ardhi.

Juni 9

Nimelipeleka kwa Doi. Tulisoma darasa moja, na yeye ndiye fundi pekee upande huu ambaye bado anafungua injini za namna hii. Alikuwa nayo moja imelala mezani imefunguliwa tumbo, akaniita nione.

Sijui niandikeje. Nilitegemea pistoni na vyuma vya kupanda na kushuka. Hakuna. Mna uwazi uliobanwa katikati kama ganda la karanga lenye punje mbili, na ndani yake tonge la chuma la pembe tatu. Basi. Tonge hilo linazunguka huku linayumba, na pembe zake zote haziachi ukuta hata kidogo. Upande mmoja unavuta petroli, upande wa pili unaibana, wa tatu unaichoma, yote kwa wakati mmoja.

Mafundi wenyewe wanaliita tonge, kama tonge la wali. Mimi nimefinyanga matonge ya pembe tatu tangu nianze kufika mezani, nimewafungia watoto wa watu kwa safari za shule, na sikuwahi kufikiri kuwa umbo lile linaweza kumbeba mtu mlimani. Nilishikwa na bumbuazi. Doi akanipa kiti.

"Wote wanakaa hapo," akasema. "Usione haya."

Halafu akanipa masharti. "Oili linakunywa. Usililaumu, limeumbwa hivyo. Kila ukijaza petroli, pima oili. Na sikiliza hili, we Kanae. Ukiliwasha usilizime likiwa baridi. Hata kama unalisogeza hatua mbili tu. Petroli inabaki ndani, inalowesha plagi, inaosha oili kwenye kuta. Ukirudi, haliwaki."

"Nitajuaje kama limepata moto?"

"Likiamka linapiga makelele. Likipata moto linashuka lenyewe. Ngoja lishuke."

Nikaitikia kama mtoto anayeambiwa asicheze na kisu.

Juni 12

Mvua zimeanza, hizi tunazoziita za plamu kwa kuwa zinakuja plamu zikiiva. Mama amezika plamu kwenye mtungi wa chumvi na kuweka jiwe juu. Gari linanyeshewa, linang'aa. Nimesimama dirishani nikilitazama mpaka chai ikapoa.

Juni 14

Alfajiri, kwenda kazini. Nimewasha. Mungu wangu, makelele. Kwenye uwanja wa Doi hayakuwa hivi. Huku ukuta wa mawe unayapokea na kuyarudisha, na juu ya kichwa changu pale pale lipo dirisha la Bi Fumie. Taa yake ikawaka.

Nikatoka kiwanjani, nikazima palepale, nikaliachia liteleze mteremko mzima kimya, usukani mzito, breki ngumu kama jiwe. Nikawasha tena chini kwenye duka la tofu, ile jibini ya soya. Likawaka.

Nimejisifu sana. Nimepata njia.

Juni 15

Vilevile. Mvua.

Juni 16

Vilevile. Mzee Kuwata alikuwa amesimama kwenye ngazi na mwavuli. Nikainamisha kichwa dirishani mpaka nikajigonga kwenye usukani. Nikazima, nikateleza.

Juni 20

Leo kwenye duka la tofu liligoma kwanza. Harufu ya petroli ikajaa ndani. Nikajaribu tena na tena hadi likashika kwa kikohozi na moshi. Mwenye duka akatoka na ufagio. Nikamwomba radhi. Kesho nampelekea keki.

Mzee alikuwepo kwenye ngazi. Sasa yupo kila siku. Haitikii salamu yangu, anatazama tu, mdomo umefunguka kidogo kama mtu anayehesabu makosa. Mke wake anaumwa, namwelewa. Lakini mtu akinichukia anitukane, siyo kunisimamia na mwavuli.

Juni 23

Doi amefungua plagi. Nyeusi, zimelowa.

"Umelizima baridi."

"Mara mojamoja."

"Kanae."

"Kila siku," nikasema. "Kuna mgonjwa juu yangu, Doi. Nifanyeje?"

Alifuta plagi bila haraka. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," akasema. "Utakuja kulihitaji, halafu likae tu likutazame."

Nimeahidi. 

Juni 24

Alfajiri nimeona taa ya Bi Fumie imewaka, na mkono wangu ukageuza ufunguo wenyewe.

Juni 26

Jumapili, mvua imepumzika. Nimelipasha moto bandarini ambako hakuna wa kumsumbua ila shakwe, kisha nikapanda nalo barabara ya mlimani.

Sikia. Injini nyingine zikifika juu zinalalamika, zinatetemeka, zinakuomba uache. Hii hailalamiki. Kadiri unavyoiomba ndivyo inavyolainika, mpaka husikii kama ni mashine, ni ile sauti moja ya utotoni inapanda. Waliolitengeneza walijua kuwa dereva atajisahau, ndiyo maana waliweka kengele ya kumwambia basi, inatosha. Ikalia. Nikacheka peke yangu, machozi yakanitoka, sioni haya kuandika.

Nikasimama kileleni, visiwa vyote chini, nikala tonge la Mama lenye plamu ya mwaka jana. Nililigeuzageuza kabla ya kuling'ata.

Julai 1

Mzee Kuwata amesema nami hatimaye. Alishuka ngazi mbili, akakohoa.

"Asubuhi linazimika upesi."

"Najitahidi, Mzee," nikasema, nimefurahi kuwa ameona juhudi zangu.

Akafungua mdomo, akaufunga, akapanda zake. Mama anasema huyo ni mtu asiyeridhika hata ukimfanyia nini. Mara hii nimekubaliana na Mama.

Julai 3

Mvua. Mama anageuza plamu mtungini. Zimeanza kutoa maji mekundu.

Julai 6

Naandika nikiwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule yangu, nimekaa juu ya godoro la sarakasi. Mama amelala.

Mvua haikukatika tangu jana. Shule ilifungwa. Asubuhi wanaume wawili wa mtaa wetu walikuja na mifuko ya mchanga ili waimarishe ukuta nyuma ya kiwanja, wakaniomba nisogeze gari mbele kidogo. Nikaliwasha, likapiga kelele, nikalisogeza kiasi cha urefu wa mkeka, nikalizima. Nilikuwa nimesikia kwa Mama kuwa Bi Fumie hakulala vizuri. Nikawashukuru wale wanaume, nikaingia ndani, na wala sikuliwaza.

Baada ya chakula cha mchana kipaza sauti cha mji kikaanza. Watu wote wa mlima washuke shuleni, udongo umekunywa maji mengi mno. Majirani wakaanza kushuka na mabegi na makoti ya mvua, mmoja amekumbatia mfuko wa mchele, mwingine paka. Mama alikumbatia mtungi wa plamu, na hakukubali kuuacha.

Nikamwona Mzee Kuwata anashuka ngazi zake bila mwavuli.

"Kanae," akasema. Hajawahi kuniita kwa jina. "Mke wangu hawezi kutembea. Gari la wagonjwa wanasema lisubiriwe, barabara ya chini, ya kwenda hospitali, imejaa maji. Mimi nilirudisha leseni, gari nikaliuza." Akainama mbele yangu, yule mzee, maji yakimtiririka kwenye shingo. "Nakuomba."

Gari pekee lililobaki mlimani lilikuwa langu.

Nikageuza ufunguo. Stata ikazunguka upesi na kwa wepesi, kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa. Hakuna kilichoshika. Nikajaribu tena. Harufu ya petroli. Nikajua nilichokuwa nimefanya asubuhi ile, na wapi nimejifunza kukifanya. Kwa mara ya kwanza maishani nililaani adabu zangu.

Nikampigia Doi.

"Umelizima baridi," akasema kabla sijamaliza.

"Doi, kuna mgonjwa wa kushushwa."

Sauti yake ikabadilika. "Haya. Toa fyuzi ya pampu ya petroli, ile ya pili kutoka mwisho. Umetoa? Kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata. Acha. Piga tena. Liteme petroli. Betri ikianza kuchoka usiimalize. Rudisha fyuzi, tia gia ya pili, wakusukume mteremko. Likianza kwenda achia klachi. Na likishika, Kanae, likishika usithubutu kuondoa mguu. Lipige kelele mpaka mbinguni."

Nikafanya hayo yote mpaka betri ikaanza kuchoka, nikarudisha fyuzi. Wale wanaume wa mifuko ya mchanga wakaja nyuma. Mzee akaja. Mama akauweka mtungi wake ukingoni, akamsukuma Mzee pembeni kwa nyonga.

"Mama, utateleza."

"Kaa hapo ushike usukani. Mitungi ninayobeba ni mizito kuliko hiki kidude."

Wakasukuma. Gari likaenda, maji yakipita chini yetu kama mto. Nikaachia klachi. Likashtuka, likakohoa, likanyamaza. Kona ya duka la tofu ilikuwa inakuja, na baada ya kona mteremko umekwisha. Nikakanyaga, nikaachia tena. Likakohoa. Likakohoa mara nyingine, na kwenye ukingo wa kona ile likashika.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Moshi mweupe ukafunika barabara nzima, na ndani ya moshi likapiga yowe. Na hapo naandika ukweli: mkono wangu ulienda kwenye ufunguo. Wenyewe, kwa mazoea, kulinyamazisha. Nikauona unaenda. Nikaurudisha kwenye usukani, nikakanyaga, nikageuza na kupanda nalo mlimani, kelele zote zikiwa zimefunguliwa, hadi chini ya dirisha la Bi Fumie.

Mzee akamleta mgongoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na gari langu ni la mvunguni hasa. Wanaume wakamteremsha polepole hadi kwenye kiti, wakamfunika blanketi. Hakuna nafasi ya tatu. Mzee akasema atakuja nyuma kwa miguu pamoja na Mama, akafunga mlango kwa mikono miwili.

Tukashuka taratibu. Kwenye kila kona nilimwona Mzee kwenye kioo, amebeba mtungi wa plamu wa Mama, anakimbiakimbia.

Bi Fumie alikuwa mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Aliweka kiganja kwenye dashibodi na kukiacha pale.

"Kumbe ukiwa ndani ndivyo lilivyo," akasema.

"Bi Fumie, nisamehe kwa kelele za kila asubuhi."

"Kelele zipi?"

Nikafikiri hanisikii vizuri. "Za gari. Za alfajiri. Nimejitahidi kulizima haraka."

"Ndiyo hilo," akasema. "Naamka mapema nikae tayari. Nawasha taa. Linaanza, nasema haya, leo. Halafu unalikata. Tangu vuli hakuna kitu kinachopita chini ya dirisha langu ila mvua na watu wanaonyata, mwanangu. Kila mtu ananyata. Nalala pale najiuliza, lilikuwa linataka kusema nini? Kila siku unalizima kabla halijamaliza."

Nilikuwa naangalia barabara, na barabara ilikuwa haionekani vizuri, na siyo kwa sababu ya mvua.

"Mzee wangu namtuma kila siku akwambie uliache liendelee," akasema tena. "Anachukua mwavuli, anatoka. Anarudi ananiambia, ameniinamia tena, nimeshindwa. Miaka hamsini naishi na mtu huyo."

Akacheka kidogo, akakohoa. Kiganja hakukitoa. Sasa injini ilikuwa imepata moto, imeshuka yenyewe, imetulia. Tukaingia uwanja wa shule kimya kabisa.

Julai 7

Mvua imepungua. Bi Fumie amehamishiwa zahanati, daktari ameridhika. Mzee amelala kwa kukaa kando ya kitanda chake. Ukuta wa nyuma umeachia, kiwanja changu kimejaa tope mpaka kiunoni. Nyumba zimepona.

Julai 10

Doi amepima nguvu za injini. Alinifanya nisikilize: matonge ni mawili, la mbele na la nyuma, kila moja linatoa pumzi tatu kwa mzunguko, na zote lazima zilingane. Za nyuma zinalingana. Za mbele, moja ni dhaifu kidogo.

"Ni mimi?" nikauliza.

"Ni wewe. Litaishi. Lakini usirudie."

Mtu wa kuniambia usirudie hakuhitajika tena.

Julai 14

Nimerudi kutoka kazini nikamkuta Mzee Kuwata kiwanjani na sepetu. Alikuwa hachimbi tope lote, alichimba kipande tu, kimenyooka pande zote, na pembeni ameegemeza fimbo aliyoikata kwa urefu wa gari langu.

Nikachukua sepetu ya pili. Tulichimba mpaka mawingu yakafunguka, jua likaonekana. Mara moja alikohoa kama mtu anayetaka kuanza neno. Nikasubiri, bila kuinama. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchimba.

"Anarudi Jumanne," akasema.

"Nimefurahi sana, Mzee."

"Na wewe ulete gari Jumanne."

Julai 20

Redio imesema mvua za plamu zimeisha. Mama ametoa plamu mtungini, amezitandaza juu ya ungo uani, nyekundu, zimekunjamana, zinapigwa na jua. Ameniambia nisipite karibu nazo na moshi wa gari langu. Kisha akanifungia matonge mawili na kusema la pili ni la huyo jirani yako mgonjwa, usilikalie.

Alfajiri nilishuka. Dirisha lilikuwa wazi na taa inawaka. Mzee yupo kwenye ngazi, bila mwavuli, mikono nyuma.

"Mvua zimeisha, Mzee," nikasema. "Nimekuja kusikia uamuzi wako."

Akainua kidevu kuelekea dirishani.

Nikawasha. Ukuta wa mawe ukalipokea yowe na kulirudisha, mlima mzima ukaamka. Duka la tofu likafungua mlango. Masikio yakaniwaka moto kwa aibu ya miaka hamsini na nne, na mkono ukaanza safari yake ya kwenda kwenye ufunguo.

"Bado," sauti ikasema kutoka juu.

Nikauweka mkono mapajani. Tukangoja, Mzee kwenye ngazi, mimi kwenye kiti changu cha mvunguni, Bi Fumie kitandani kwake. Injini ikapiga kelele, ikapiga, kisha kidogokidogo ikaanza kushuka yenyewe, laini, mpaka nikaweza kusikia ndege.

"Haya," akasema Bi Fumie. "Limemaliza. Nenda kazini, mwanangu."